Kaburi Lililokwisha Kulipiwa

Obiero alipenda kodi jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Ungeweza kwenda nyumbani kwao Bredäng, pembeni mwa Stockholm, kumpa pole ya mafua, na kabla chai haijapoa angekuwa amekwisha kuipambanisha Sweden na Denmark, Denmark na Kenya, Kenya na Texas. Mshindi siku zote alikuwa Sweden, ingawa mara nyingine kwa bao la taabu. Alifundisha hisabati katika shule ya sekondari huko kusini mwa jiji, na bila shaka wanafunzi wake nao walizijua hoja hizo. Mkewe, Milcah, alizijua kiasi cha kuweza kuzimaliza kabla yake.

"Ukitazama asilimia peke yake utadanganyika," Obiero angesema, akisogeza bakuli la sukari liwe Sweden na kikombe kiwe Kenya. "Hata Kenya mwenye mshahara mnono hukatwa theluthi nzima. Swali ni nani analipa. Kule anakatwa mwenye hati ya mshahara, wengine wanamtazama. Hapa anakatwa mfagiaji, anakatwa daktari, anakatwa mpaka mzee wa pensheni. Halafu wote wanalazwa hospitali moja."

"Na yule aliyerithi jumba la babake kule Östermalm kwa matajiri?" mgeni angemchokoza. "Huyo analipa nini kwa urithi wake?"

"Halipi kitu. Hapo Sweden imepotea," Obiero angekiri, kwa uchungu wa mtu aliyefungwa penalti dakika za mwisho.

Watu walicheka, wakaongezewa chai. Hiyo ilikuwa zamani, wakati wageni bado wanakuja.

Kilichowakatisha wageni ni kwamba Obiero hakuiacha hoja yake mezani. Aliiishi. Kwa miaka mingi alikuwa ametuma fedha nyumbani Ugenya kama kila mtu: karo, dawa, mabati, na zaidi ya yote, misiba. Ukoo wake ulikuwa mkubwa na misiba yake haikuwa na likizo. Mwaka mmoja, baada ya kuchangia mazishi ya watu ambao wengine hakuwahi kuwaona kwa macho, aliandika ujumbe kwenye kundi la ukoo. Alisema kwamba kule Kenya serikali huchukua chake, halafu jamaa wanamalizia kilichobaki, na kwamba yeye alikuwa anatozwa na nchi mbili kwa mshahara mmoja. "Mimi nimeshalipa," alimalizia. Akatoka kwenye kundi.

Mwezi uliofuata akatoka pia katika kundi la misiba la Wakenya wa Stockholm. Mwenyekiti wao, Mugambi, fundi umeme mwenye sauti ya kanisani, alimpigia kumsihi.

"Mwalimu, hatukusumbui kwa ubaya. Leo kwangu, kesho kwako."

"Hakuna cha kwangu wala kwako," Obiero alimjibu. "Mtu akifa hapa kaburi lake limekwisha kulipiwa. Kila mshahara unaopokea una ada ya mazishi ndani yake. Shimo umelipia, ukumbi umelipia, mchimbaji umemlipa. Sasa tunachanga ya nini?"

"Ya kumpeleka mtu kwao."

"Maiti haijui iko wapi, Mugambi."

Milcah alikuwa jikoni akikata sukuma, akasikia yote. Yeye hakutoka kwenye kundi lolote. Lakini kikao kilipoitwa hakwenda, maana angekwenda vipi peke yake huku kila mtu anajua msimamo wa mumewe? Hakuna aliyemtukana wala kumnunia. Simu zilipungua tu, moja moja, kama mvua inavyokatika bila mtu kusema sasa imekatika. Mumewe hakuona kitu. Alikuwa na magazeti yake, alikuwa na wanafunzi wake, na alikuwa na Milcah.

Milcah mwenyewe alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwao. Aliwaosha, akawalisha, akawakata kucha. Watoto wa wazee wale walikuwa watu wazuri, wenye adabu. Walikuja Krismasi na maua, wakamshukuru kwa moyo, wakatazama saa. Siku moja bibi mmoja alimuuliza kama mwanawe atakuja Jumapili, na Milcah akajikuta anawaza: mwanao ameshakuja, bibi. Amekuja kwa njia ya kodi. Mimi ndiye kodi yenyewe. Alipomsimulia mumewe jioni, Obiero alifurahi mno. Alisema hajapata kusikia mfumo mzima ukielezwa vizuri namna ile. Milcah hakuwa amekusudia kuusifu.

Walijaliwa mtoto mmoja, Natalie, aliyezaliwa Huddinge na kusomea uhandisi. Alipopata kazi Dubai aliwaaga kwa chakula cha mchana, na hapo ndipo baba na binti walipogombana mara ya mwisho, kwa upole wa watu wanaopendana.

"Pappa, kule hawakati mshahara hata senti moja. Noll!" Natalie alisema.

"Hawakati. Na ukiugua?"

"Nina bima ya kampuni."

"Kampuni ikikuachisha?"

"Nitarudi kwa hii Sweden yako," alisema Natalie, akambusu babake utosini. Obiero alicheka mpaka akakohoa. Milcah aliwatazama akijua kwamba nyumba itabaki na watu wawili, na kwamba mmoja wao haoni tofauti.

Obiero alianguka mwezi wa Februari, mchana, akiwa anafuta ubao. Kiharusi. Madaktari walifanya kila kinachofanywa, na ankara ya hospitali ilipokuja baadaye ilikuwa ndogo kuliko bei ya viatu vya Milcah vya kazini. Siku ya tatu alifumbua macho, akamtazama mkewe, akasema maneno machache yaliyoeleweka.

"Usinisafirishe. Nizikeni hapa. Nimeshalipa."

Akafariki kesho yake asubuhi, theluji ikianguka nje ya dirisha la wadi bila kishindo.

Habari zilisambaa. Jioni hiyohiyo Mugambi alifika na mkewe, wakaomba, wakalia kidogo. Akina mama wawili wa kanisani walileta chapati. Jirani wa ghorofa ya chini, Emérithe, Mrundi aliyekuwa akisalimiana na Milcah kwenye lifti tu, alikuja na sufuria ya maharagwe, akakaa sakafuni karibu na kochi, asiseme neno, kama inavyofanywa kwao na kama inavyofanywa kwetu pia. Kwa saa chache nyumba ilinukia watu. Milcah alianza kuwaza kwamba pengine hawakusahauliwa.

Kisha Mugambi akatoa kalamu. "Mama Natalie, tufungue kamati. Tukutane hapa kila jioni mpaka tikiti ya mzee ipatikane. Ukoo wake unasemaje?"

"Hasafirishwi," Milcah alisema. "Alisema azikwe hapa. Amelipia."

Mugambi aliirudisha kalamu mfukoni taratibu. Uso wake ulikuwa na huruma, lakini Milcah aliona na kitu kingine, kile kinachoupata uso wa mtu aliyebeba mzigo akaambiwa autue. "Basi," alisema. "Kama kila kitu kimekwisha kupangwa, tusikuchoshe. Utatujulisha siku."

Wakaondoka. Kesho yake jioni Milcah alichemsha chai ya watu wengi, kwa mazoea ya utotoni, ya misiba ya kwao. Hakuna aliyekuja ila Emérithe. Kikao cha nini, ikiwa hakuna cha kuchangia? Chai ilipoa. Aliimwaga.

Mazishi ya Sweden hayana haraka. Wiki ilipita, ikaja nyingine, nayo ikapita. Ofisi ya makaburi ilikuwa na adabu kwenye simu. Ilimpa saa ya kanisa dogo, ikamweleza vizuri kipi kimelipiwa na kipi atanunua mwenyewe, ikamuuliza kama ana swali. Hakuwa nalo. Alichokuwa akitaka ni mtu wa kugombana naye kuhusu ng'ombe wa kuchinjwa, mtu wa kuuliza nani atalala wapi, shangazi wa kulalamika kwamba hakuitwa mapema. Kule kwao mfiwa hupewa kelele mpaka asahau kulia. Hapa alipewa utulivu, naye hakujua aufanyie nini.

Shemeji yake, Oguta, alipiga simu kutoka Ugenya.

"Mlete ndugu yangu," alisema, bila salamu.

"Shemeji, ni neno lake mwenyewe. Alilitamka akiwa na akili zake."

"Mtu anayekufa husema mengi. Boma lake liko hapa. Nyumba yake aliyoianza iko hapa, haina paa. Unataka kumzika kwenye barafu kama samaki?"

"Shemeji, mimi ningependa..."

"Sisi hatukuomba fedha zake miaka hii yote. Alisema amelipa, tukanyamaza. Sasa tunaomba mwili tu, nao pia amelipa? Usinipigie tena."

Milcah alibaki na simu mkononi. Alikuwa na akiba ya kutosha kumsafirisha Obiero hata bila mchango wa mtu. Usiku na mchana aliwaza kufanya hivyo. Lakini kila alipotaka kuinua simu aliona macho yale ya hospitalini. Alikuwa ameishi na mtu yule kwa uaminifu, na hakuweza kuanza kumdanganya alipokuwa hawezi tena kubisha.

Natalie alikuja kwa siku chache. Walikwenda makaburini kwa treni, wakabadilisha treni Slussen, mama na binti wakiwa na makoti meusi katikati ya watu waliobeba mikoba ya mazoezi na vikombe vya kahawa. Kanisa dogo la pale Skogskyrkogården, ambalo si dogo kama jina lake, liliwameza. Walikuwepo walimu wawili kutoka shuleni, Emérithe, Mugambi na shada la maua la kundi lake, na kasisi wa kike mwenye sauti nzuri aliyekuwa amejifunza kulitamka jina la Obiero barabara. Kila mmoja alipata benchi lake. Milcah alianza wimbo wa Kijaluo, ule unaoimbwa na umati ukitikisa ardhi, lakini sauti yake ilipanda peke yake mpaka darini ikarudi. Akauacha kwenye ubeti wa pili.

Nje kila kitu kilikuwa tayari. Shimo lilikuwa limechimbwa kwa mashine, kuta zake zimenyooka. Hakukuwa na vijana wa kupokezana majembe. Walirusha maua, kasisi akamshika Milcah mkono, na wanaume wawili wenye sare wakasubiri mbali, kwa heshima, watu watoke ndipo wafukie.

"Ilikuwa nzuri, Mamma," Natalie alisema kwenye treni. "Lugnt. Tulivu. Pappa angeipenda."

"Angeipenda," Milcah alikubali.

Natalie akarudi Dubai.

Machi na Aprili zilipita namna hiyo. Milcah alifanya kazi, akalala, akafanya kazi. Kazini aligundua kwamba anakaa na wazee zaidi ya muda wake, si kwa wema bali kwa sababu vyumba vyao vilikuwa na mtu ndani. Ndipo barua fupi ya ofisi ya makaburi ikamkumbusha kwamba, akitaka, anaweza kuweka jiwe udongo utakapotulia. Jiwe halimo katika ada ya mazishi. Hilo ni la familia.

Alisoma sentensi ile akiwa amesimama mlangoni, hajavua koti. Kisha akampigia Mugambi.

"Nataka kamati," alisema.

"Kamati ya nini tena, Mama Natalie? Si tulishazika?"

"Ya jiwe. Serikali inatoa shimo, haitoi jiwe."

"Samahani kwa kusema hivi. Mwalimu hakuwa mtu wa michango."

"Yeye hakuwa. Anayeomba ni mimi."

"Una upungufu wa fedha?"

"Sina upungufu wa fedha, Mugambi."

"Basi tutaketi Jumamosi," Mugambi alisema. "Kwako?"

"Kwangu."

Hawakufika hata kumi. Wengine walikuja kwa ajili ya Mugambi, wengine kwa udadisi wa kuona nyumba ya mtu aliyekataa kuchanga. Emérithe alikuja mapema kukaanga mandazi. Wa mwisho kuingia alikuwa Amne, mama wa Kitanzania kutoka Fisksätra, aliyevaa ushungi wa kijivu, ambaye Milcah hakuwa amemwona tangu alipofiwa na mumewe miaka kadhaa nyuma. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani.

"Mume wangu alipofariki, nyinyi hamkuja," alisema mbele ya wote.

"Hatukuja, dada," Milcah alisema.

"Nilihesabu nyuso. Siku kama ile mtu huhesabu, hata asipotaka. Nikasema, mbona Mwalimu na mkewe hawapo? Nikaambiwa, wao wameshalipa serikalini." Alishusha mkoba. "Nilitaka nisije. Halafu nikasema hapana, niende, nimwonyeshe huyu jinsi inavyofanywa."

Akaketi. Milcah alimletea chai, kisahani kikilia njia nzima. Amne alikipokea kwa mikono miwili, akakishikilia mpaka kikanyamaza.

Kwa kuwa hawakuwa na deni la hospitali wala tikiti ya ndege ya kuwabana, kikao kilikwenda kilikotaka. Walizungumza rangi ya jiwe. Walibishana kuhusu msalaba. Mtu mmoja alilalamikia kodi yake ya mwaka, mwingine akasema huko kwao Congo unamlipa kila askari barabarani na hupewi risiti, na Amne akasema Tanzania sasa hata kutuma fedha kwa simu kuna makato yake. Mugambi, aliyembishia marehemu maisha yake yote, akajikuta anamtetea: "Mwalimu alikuwa na haki kwa jambo moja. Hapa ukilipa, unakiona ulicholipia." Wakacheka. Milcah alicheka nao, kisha akaenda chooni akafungulia maji, akalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayelia, si kama mtu anayevuja.

Walikutana Jumamosi nyingine mbili. Kila mmoja alitoa kidogo, na Milcah hakumkatalia mtu hata mara moja, ingawa angeweza kulinunua jiwe lile asubuhi moja na kurudi nyumbani kabla ya chakula. Yalipobaki maandishi tu, alimwandikia Oguta: Shemeji, tunaweka jiwe. Nisaidie, tuandike nini?

Jibu lilikawia siku kadhaa. Lilipokuja lilikuwa fupi. "Andika jina la babake na andika Ugenya. Anayepita asidhani aliota hapo kama uyoga. Mchango wangu ndio huo."

Akaandikisha hivyo hivyo. Jiwe likawekwa mwishoni mwa Septemba, siku ya jua jembamba, na watu wa kamati wakaja, wakapiga picha, wakampelekea Oguta. Hakujibu, ila alama za simu zilimwonyesha Milcah kwamba ameitazama. Kisha Mugambi akaivunja kamati kwa sala, kama ilivyo desturi. Kila mtu akaenda zake, na jioni ile nyumba ya Bredäng ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla, kwa sababu sasa ilikuwa imezoea sauti.

Natalie alipiga simu. "Mamma, hamia huku. Nina chumba cha ziada. Ukistaafu, pensheni yako itakutosha kuishi vizuri."

"Babako atafufuka," Milcah alisema, na binti akacheka, naye akacheka. Hakuhama. Si kwamba aliipenda Sweden kwa hesabu kama mumewe. Ila alikuwa na mtu ardhini.

Alijirudisha kwenye vikao. Msiba ukitangazwa, wa Mkenya au wa yeyote anayezungumza Kiswahili, alikwenda. Mshahara wake ulikatwa kama kawaida na serikali, naye akakikata tena kilichobaki, kidogo, kwa watu wasiomjua. Mara nyingi alikaa pembeni. Waliokuwa na urafiki wa zamani walikuwa na mengi ya kusemezana, na miaka aliyokosa haikurudishwa kwa sahani ya pilau.

Mwezi wa Novemba alikwenda Jakobsberg kwa Gédéon, Mkongo mpole aliyefiwa na mamake huko Bukavu. Alikuwa amepewa anwani na Mugambi tu. Sebule ilijaa watu waliochanganya Kiswahili na Kifaransa kwa kasi ambayo hakuiweza, akakaa karibu na mlango na bakuli lake la ndizi mapajani mpaka mtu alipompokea. Gédéon alimjia, akainama kidogo.

"Maman, asante kuja. Tunajuana wapi?"

"Hatujuani," Milcah alisema. "Nimekuja tu."

Gédéon alimtazama, kisha akasogeza kiti akaketi kando yake. Alimwonyesha picha ya mamake kwenye simu, mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha manjano, akicheka na mtu asiyeonekana. Milcah alipoaga, Gédéon alimsindikiza hadi kwenye lifti, akamwuliza kama atarudi Jumamosi, maana ndipo watakapomaliza matanga.

Kwenye treni ya kurudi mjini kila abiria alikuwa na kiti kitupu kando yake. Nje kulikuwa na giza la saa kumi na moja jioni, na mvua iliyotaka kuwa theluji. Milcah alivua glavu, akatoa simu, akamwandikia mkuu wake wa kazi kumwomba ambadilishie zamu ya Jumamosi.